Kwa nini Japani ilikubali kushindwa mwaka 1945? Somo kwa watafuta amani wa Fizi na Baraka



Katika mikutano mingi ya amani huku kwetu kuna maneno yanayorudi mara kwa mara: "Vita haviishi mpaka upande mmoja upigwe pigo kubwa." Mara nyingi anayesema hivyo hutoa mfano wa Japani. Marekani iliangusha mabomu mawili, Japani ikanyosha mikono, vita vikaisha. Kutokana na mfano huo watu hufikia hitilafu hii: nasi tutafute silaha kubwa kuliko za jirani, kisha amani itakuja yenyewe.

Wazo hili si dogo. Ndilo linalomfanya kijana auze ng'ombe au shamba ili anunue bunduki. Ndilo linalowafanya viongozi waseme kwamba mazungumzo ni ya watu dhaifu. Kwa hiyo inafaa tuuangalie mfano wenyewe kwa makini. Je, ni kweli kwamba Japani ilijisalimisha kwa sababu ya pigo peke yake? Na kama kulikuwa na sababu nyingine, zinatufundisha nini sisi wa Fizi?

Kongo nayo ilikuwa ndani ya vita hivyo

Wengine watauliza: Japani iko mbali, inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Urani iliyotumika katika mpango wa Marekani wa kutengeneza bomu la atomiki ilitoka kwa sehemu kubwa katika mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, mkoani Katanga. Mgodi huo ulikuwa wa kampuni ya Wabelgiji, Union Minière du Haut-Katanga. Mwaka 1940 mkubwa wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alipeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe yenye urani, akiogopa yasije yakaangukia mikononi mwa Wajerumani. Septemba 1942 jeshi la Marekani liliyanunua, kisha likaomba mgodi ufunguliwe tena ili yapatikane mengine.

Wachimbaji Wakongo waliyatoa mawe hayo bila kuambiwa ni ya kazi gani wala yana hatari gani mwilini. Wakati huo mfanyakazi mweusi hakuwa na sauti. Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni hiyohiyo waligoma Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, wakidai mshahara wa kutosha. Askari waliwapiga risasi, na makumi ya watu wakafa.

Tena, si mawe tu yaliyokwenda vitani. Julai 1941 askari wa Force Publique kutoka Kongo waliwalazimisha Waitalia kusalimu amri huko Saio, Ethiopia. Miaka mitatu baadaye, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilipigana na Wajapani katika misitu ya Burma. Wengi wao walizungumza Kiswahili kati yao. Hospitali ya vita kutoka Kongo ilikwenda pamoja nao kuhudumia majeruhi. Kwa hiyo habari ya Japani si hadithi ya watu wengine. Jasho na damu ya watu wetu vimo ndani yake.

Pigo lilikuwa limeshaanguka mara nyingi

Japani iliingia katika vita na Marekani Desemba 1941, wakati tayari ilikuwa ikipigana China tangu 1937. Mwanzoni iliteka nchi nyingi, kisha mambo yakageuka. Julai 1944 kisiwa cha Saipan kilichukuliwa na Wamarekani, na kutoka huko ndege zao kubwa zikaweza kufika Tokyo. Nyambizi zilizamisha sehemu kubwa ya meli za mizigo. Nchi hiyo ya visiwa haikuwa na mafuta yake ya kutosha wala chakula cha kutosha. Fikiria Baraka isipopata boti hata moja kutoka Uvira au Kigoma kwa miezi mingi, na barabara nayo imefungwa. Ndivyo Japani ilivyokuwa.

Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Machi 1945 ndege ziliangusha mabomu ya moto juu ya Tokyo. Watu wapatao 100,000 walikufa usiku mmoja. Miezi iliyofuata zaidi ya miji 60 ilichomwa. Kuanzia Aprili hadi Juni kisiwa cha Okinawa kilipiganiwa, na raia wengi mno wakafa pamoja na askari.

Hapa tusimame kidogo. Kama pigo kubwa peke yake ndilo linalomaliza vita, Japani ingalijisalimisha Machi 1945. Haikufanya hivyo. Wakubwa wa jeshi walijua kwamba hawawezi kushinda, lakini walisema: tuwangoje Wamarekani kwenye ardhi yetu, tuwaue wengi, ndipo watupe masharti mazuri. Kwa maneno mengine, walikuwa tayari watu wao waendelee kufa ili wao wapate mahali pazuri mezani. Msomaji wa Fizi anaijua hesabu hiyo.

Sababu ya kwanza: tumaini la uongo lilikatika

Wakati huo wote viongozi wa Japani walikuwa na tumaini moja. Mwezi Aprili 1941 walikuwa wameweka mkataba na Umoja wa Kisovieti kwamba hawatapigana. Katikati ya 1945 waliomba, kupitia balozi wao Moscow, Wasovieti wawe wapatanishi. Balozi huyo, Sato Naotake, aliwaandikia wakubwa wake waziwazi kwamba jambo hilo halitafanikiwa. Hawakutaka kumsikia. Wahenga walisema, mfa maji hukamata maji.

Tarehe 26 Julai 1945 Marekani, Uingereza na China zilitoa Tangazo la Potsdam, zikiitaka Japani isalimishe majeshi yake yote bila masharti, la sivyo itaangamizwa. Serikali ya Japani haikulikubali. Ilikuwa bado inangoja jibu kutoka Moscow.

Kisha zikaja siku nne nzito:

- Tarehe 6 Agosti, saa 2 na robo asubuhi, bomu la urani liliangushwa Hiroshima. Kufikia mwisho wa mwaka watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa, wakiwemo maelfu ya Wakorea walioletwa huko kufanya kazi.
- Tarehe 8 Agosti usiku, Umoja wa Kisovieti ulitangaza vita juu ya Japani. Saa chache baadaye majeshi yake yaliingia Manchuria.
- Tarehe 9 Agosti, saa 5 na dakika 2 asubuhi, bomu la pili liliangushwa Nagasaki. Kufikia mwisho wa mwaka watu wapatao 70,000 walikuwa wamekufa.

Wataalamu wa historia wanabishana hadi leo ni lipi kati ya hayo lililokuwa na uzito zaidi. Wengi wanasema ni mabomu. Wengine, kama Tsuyoshi Hasegawa katika kitabu chake cha mwaka 2005, wanasema kuingia kwa Wasovieti ndiko kulikowavunja moyo viongozi zaidi. Mfalme mwenyewe alilitaja bomu jipya alipozungumza na wananchi. Lakini siku mbili baadaye, katika ujumbe wake kwa askari, alitaja Wasovieti na hakulitaja bomu. Sisi hatuna haja ya kuamua ugomvi huo hapa. Jambo tunaloweza kulishika ni hili: siku hizo njia ya tatu ilifungwa. Aliyetegemewa kuwa mpatanishi aligeuka kuwa adui. Kiongozi anayengoja rafiki wa nje aje kumwokoa haoni sababu ya kuzungumza, na rafiki huyo asipokuja ndipo hugeuza uso kuitazama hali yake mwenyewe.

Sababu ya pili: mlango uliachwa wazi

Watu wengi hawajui jambo linalofuata. Tarehe 9 Agosti watu sita waliokuwa wakiongoza vita walikutana Tokyo. Wakiwa ndani ya kikao wakaletewa habari ya Nagasaki. Je, walikubali kushindwa? Hapana. Waligawanyika watatu kwa watatu.

Watatu, yaani Waziri Mkuu Suzuki, Waziri wa Mambo ya Nje Togo na Waziri wa Jeshi la Bahari Yonai, walitaka sharti moja tu: nafasi ya Mfalme isiondolewe. Watatu wengine, akiwemo Waziri wa Jeshi Anami, waliongeza masharti matatu: nchi isikaliwe na majeshi ya kigeni, jeshi lijinyang'anye silaha lenyewe, na Wajapani wenyewe wawahukumu wahalifu wao wa vita. Mabomu mawili yalikuwa yameanguka, Wasovieti wameingia, na bado kikao hakikuweza kuamua.

Tusiwacheke. Masharti yao si mageni kwetu. Hata huku kamanda wa kundi huuliza: Nani atatukalia? Nani atachukua bunduki zetu? Nani atatuhukumu? Kiongozi wetu ataheshimiwa au atadhalilishwa? Maswali hayo yasipopata jibu, hata anayejua kwamba ameshindwa huendelea kupigana.

Tarehe 10 Agosti Japani ilituma habari kwamba inakubali Tangazo la Potsdam, mradi madaraka ya Mfalme yasiguswe. Marekani haikusema "ndiyo" na haikusema "hapana". Ilijibu kwamba Mfalme na serikali watakuwa chini ya mkuu wa majeshi ya washirika, na kwamba mwishoni wananchi wa Japani watachagua kwa hiari aina ya serikali wanayoitaka. Jibu hilo halikuwa ahadi, lakini halikumfukuza Mfalme. Mlango uliachwa wazi kidogo, na mtu aliyetaka kutoka aliweza kupita.

Tena, Tangazo la Potsdam lenyewe lilikuwa na neno kwa askari wa kawaida: wakishanyang'anywa silaha, wataruhusiwa kurudi nyumbani kwao na kuishi maisha ya amani na yenye kuzalisha. Walioliandika walijua kwamba askari hatupi bunduki kama hajui kesho atalala wapi.

Sababu ya tatu: sauti moja iliyosikilizwa

Kwa kuwa kikao kiligawanyika, Waziri Mkuu Suzuki alifanya jambo lisilo la kawaida. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Agosti alimwomba Mfalme Hirohito aamue yeye mwenyewe. Kwa desturi Mfalme alikuwa anasikiliza tu na kukubali yale ambayo wakubwa wameshapatana. Usiku huo alisema vita viishe. Tarehe 14 Agosti, jibu la Marekani lilipoleta mabishano mapya, alirudia neno lake.

Sauti yake ilirekodiwa usiku huo kwenye sahani za santuri ili isikike redioni. Baadhi ya maofisa vijana hawakukubali. Walimuua mkuu wa walinzi wa ikulu, wakaingia ikulu na kuzitafuta sahani hizo usiku kucha ili waziharibu. Hawakuzipata. Waziri Anami, aliyekuwa amepinga kusalimu amri, alikataa kuungana nao na kusema kwamba Mfalme ameshaamua. Yeye mwenyewe alijiua asubuhi ya tarehe 15. Kabla ya mchana maasi yalikuwa yamezimwa.

Saa 6 mchana, tarehe 15 Agosti 1945, wananchi wa Japani walisikia sauti ya Mfalme wao kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Lugha yake ilikuwa ngumu na neno "kushindwa" hakulitamka. Lakini walielewa. Tarehe 2 Septemba hati ilitiwa sahihi juu ya manowari Missouri katika ghuba ya Tokyo.

Waswahili husema asiyekubali kushindwa si mshindani. Ila kukubali kushindwa si kazi ya mtu mmoja mmoja. Lazima awepo mwenye heshima mbele ya wapiganaji ambaye atasema "basi", na wakubwa walio chini yake, hata wale wasiopenda, wamtii.

Neno lilipelekwa mpaka kwa askari wa mwisho

Redio haikutosha. Japani ilikuwa na mamilioni ya askari katika China, Manchuria, Burma, Malaya na visiwa vingi. Wengi wao hawakuwa wameshindwa pale walipokuwa. Wangeweza kusema habari hii ni uongo wa adui. Kwa hiyo Mfalme aliwatuma watu wa ukoo wake kwa ndege, mmoja Manchuria, mmoja China, mwingine kusini, waonane na makamanda uso kwa uso na kuwathibitishia kwamba neno ni la kweli.

Pale neno lisipofika, au lilipofika kwa njia isiyoaminika, vita viliendelea. Ofisa mmoja kijana, Hiroo Onoda, alipelekwa kisiwa cha Lubang, Ufilipino, mwishoni mwa 1944 na kuamriwa asijisalimishe. Karatasi ziliangushwa kwa ndege, hata barua na picha za familia. Aliona yote ni mtego. Alikaa msituni na wenzake watatu. Mmoja alitoka mwaka 1950, wawili waliuawa, yeye akabaki peke yake. Kwa miaka hiyo yote wanakijiji wapatao 30 waliuawa na kundi hilo. Alitoka Machi 1974, karibu miaka 29 baada ya vita kuisha. Kilichomtoa hakikuwa pigo. Aliyekuwa mkubwa wake jeshini, ambaye wakati huo alikuwa muuza vitabu, alisafiri mpaka kisiwani, akasimama mbele yake na kuifuta amri aliyopewa.

Hata upande wa ziwa letu kuna mfano wa namna hiyo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, silaha ziliwekwa chini Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, chini ya Lettow-Vorbeck, halikuwa na habari na lilipigana tena siku mbili baadaye. Lilijisalimisha tarehe 25 Novemba huko Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, Zambia, karibu na mwisho wa kusini wa Ziwa Tanganyika. Askari wake Waafrika walirudi vijijini bila mishahara yao ya vita. Ujerumani Magharibi ilianza kuwalipa wazee waliobaki mwaka 1964. Wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Baada ya silaha kuwekwa chini

Zaidi ya Wajapani milioni 6, askari na raia, walirudishwa nyumbani kutoka nchi za nje. Walikuta miji imeungua na njaa imeenea. Lakini jeshi lilivunjwa lote, si nusu. Ardhi iligawiwa wakulima waliokuwa wakilima mashamba ya wengine. Katiba mpya iliyoanza kutumika Mei 1947 ilikataa vita kuwa njia ya kumaliza ugomvi na mataifa mengine.

Si yote yalikwenda vizuri. Askari na raia wapatao 600,000 walichukuliwa na Wasovieti na kufanyishwa kazi kambini Siberia, kinyume na ahadi ya Potsdam, na makumi ya maelfu walikufa huko. Mahakama ya Tokyo iliwahukumu baadhi ya viongozi, na saba wakanyongwa, lakini Mfalme hakushtakiwa. Watu wa China, Korea na kwingineko waliouawa, walioporwa na wanawake waliotumikishwa kwa nguvu na jeshi hawakupata haki waliyoitarajia. Uchungu huo ungali unasikika katika nchi hizo. Kwa hiyo mlango ulioachwa wazi ulikuwa na gharama yake, na waliolipa sehemu kubwa ni waathirika. Anayejenga amani asilifiche jambo hili.

Tunajifunza nini Fizi na Baraka?

Tukiangalia nyuma, tunaona kwamba vita vingi vya eneo letu havikuisha. Vililala tu. Maasi ya Simba ya 1964 yalizimwa kwa nguvu. Che Guevara na Wakuba wake walikaa milimani Fizi kuanzia Aprili 1965, wakavuka ziwa kuondoka Novemba mwaka huohuo. Lakini mwaka 1967 kundi la PRP la Laurent-Désiré Kabila lilijenga makao yake Hewa Bora na kubaki milimani karibu miaka 20. Kisha vikaja vita vya 1996 na vya 1998, mauaji ya Makobola mwishoni mwa 1998, na watu wetu kukimbilia Nyarugusu na Lugufu, Tanzania. Tangu Oktoba 2005 wengi walirudi kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, wakakuta mashamba yamekaliwa au yamekuwa msitu.

Mapatano pia yamekuwapo. Januari 2008 makundi ya Kivu Kaskazini na Kusini yalitia sahihi Goma. Januari 2011 kundi la FRF la nyanda za juu lilikubali kuingia jeshi la taifa baada ya mazungumzo. Tume ya kuwarudisha wapiganaji katika maisha ya kiraia iliundwa mwaka 2003, na mwaka 2021 serikali iliunda programu nyingine mpya ya kazi hiyohiyo. Hata hivyo, katika jamii zetu zote, wapo walioweka silaha chini kisha wakazichukua tena. Kwa nini? Tukipima kwa mfano wa Japani, tunaona mambo manne.

1. Tumaini la nje. Kila kundi lililo na mlezi nje ya eneo, awe mwanasiasa, mfanyabiashara wa dhahabu au nchi jirani, husema "tungoje kidogo". Kazi ya amani haiishii Fizi. Lazima iwafikie walezi hao pia.

2. Mlango. Makundi mengi ya Kivu Kusini yalikataa kuchanganywa jeshini na kupelekwa mikoa ya mbali, kwa hofu kwamba familia zao zingebaki bila ulinzi. Aliyewaita wajinga hakuwasaidia. Hofu ya namna hiyo inahitaji jibu: nani atalinda kijiji baada ya bunduki kuondoka?

3. Sauti. Ni nani anayesikilizwa na wapiganaji? Mara nyingi si mgeni mwenye gari nyeupe. Ni mama, ni mchungaji au shehe, ni mwalimu wa zamani, ni mzee wa lubunga, ni kamanda wa jana aliyekwisha kuweka silaha chini. Muuza vitabu mmoja alifanya ambacho ndege zilizoangusha karatasi zilishindwa kufanya.

4. Kesho. Kijana akiambiwa ataishi maisha ya amani, kisha akae miezi kambini bila chakula wala kazi, ahadi imekuwa uongo, na atakayerudi kumwita mara ya pili hatasikilizwa.

Mfano una mipaka yake

Japani ilikuwa dola moja, yenye jeshi moja na Mfalme mmoja. Kwetu kuna makundi mengi na hakuna sauti moja inayotiiwa na wote. Kwa hiyo tusingoje tangazo la siku moja redioni. Kazi yetu ni ya kupeleka neno kijiji kwa kijiji, kutoka Baraka na Mboko hadi Minembwe na Lulimba, kwa Mbembe, Mnyamulenge, Mfuliiru, Mbuyu na Mnyindu, kila mmoja kupitia mtu anayemwamini.

Pia tusisahau kilichobaki Katanga. Mgodi wa Shinkolobwe ulifungwa mwaka 1960, lakini watu maskini walirudi kuchimba kobalti humo kwa mikono. Januari 2004 serikali ilipiga marufuku, na Julai mwaka huohuo sehemu ya mgodi ikaporomoka na kuua wachimbaji. Pigo lile kubwa linalosifiwa lilitoka katika ardhi yetu, likaua watoto na wazee wa Hiroshima, na aliyelichimba hakupata hata ulinzi wa afya yake. Anayesema kwamba silaha kubwa inaleta amani na ahesabu gharama hiyo yote, kisha aeleze kwa nini baada ya mabomu mawili wakubwa sita walikuwa bado watatu kwa watatu.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

- Katika kijiji chenu, ni nani ambaye wapiganaji humsikiliza? Je, amewahi kuombwa asaidie?
- Walioweka silaha chini kwenu miaka iliyopita waliahidiwa nini? Walipata nini?
- Mnawezaje kuacha mlango wazi kwa anayetaka kutoka msituni bila kuwasahau waliotendewa mabaya naye?
- Ni tumaini gani la nje linalofanya vita viendelee katika eneo lenu? Mnaweza kulizungumza na nani?